Aliyekata Mdomo wa Chimenea

Watu wa mtaa wetu wakitaka kukuambia chimenea imetoka nyumba gani, hawaangalii rangi wala ukubwa. Wanaangalia mdomo. Tumbo ni tumbo, shingo ni shingo, na kila mfinyanzi wa mji wetu huu wa Tonalá anaweza kukujengea meko ya udongo ya kuweka bustanini ukaota moto jioni. Lakini lile tundu la mbele, pale kuni zinapoingia, kila nyumba ina lake. La akina Barajas ni duara tupu. La yule mzee wa nyuma ya kanisa lina ncha juu. La nyumba ya mama mkwe wangu, Mama Petronila, ni pana chini, linapanda likijibana kama kitunguu, na ukingo wake unageuka nje kidogo, mnene, laini, mpaka mtu anatamani kuupapasa. Wenye bustani kubwa za Guadalajara walikuwa wanakuja na magari yao kuuliza, "Hii ni ya Petronila?" Wakiambiwa ndiyo, hawaombi kupunguziwa bei.

Mdomo ule nilikuwa naukata mimi.

Nianze na desturi yenyewe, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini nina hasira mpaka leo. Kwetu mwili wa chimenea anaweza kuujenga mtu yeyote wa nyumba: mkwe, mpwa, kibarua. Unaanza na kitako, unapandisha kamba za udongo moja juu ya nyingine, unazisawazisha kwa gunzi la muhindi, tumbo linajaa, unalifunga, unaweka shingo. Halafu unaiacha. Udongo ukishika, ukiwa si mbichi na si mkavu, ndipo mwenye nyumba anakuja na kisu chake kukata mdomo. Yeye peke yake. Tangu hapo ile kazi ni yake. Ikiuzwa, imeuzwa kwa jina lake. Ikipasuka, ghafla inakuwa ya aliyejenga mwili: hakukanda vizuri, aliacha hewa ndani, alikuwa na haraka. Sifa zinakwenda kwa mkata mdomo na lawama kwa mjenga mwili. Hakuna mtu anayeona aibu kwa hilo, na mimi mwenyewe kwa muda mrefu sikuona ubaya wake.

Jina langu Obdulia. Niliolewa na Fidencio, mtoto mkubwa wa Mama Petronila, nikaingia nyumba ile nikijua kufinyanga vyungu vya kupikia maharage tu. Fidencio akaenda Kaskazini kutafuta maisha. Aliyapata: ana mke mwingine huko, na watoto wanaosema Kiingereza. Siku habari ilipofika nilikusanya nguo zangu ili niondoke. Mama Petronila akasimama mlangoni, unga wa mahindi umemjaa mikononi.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kwetu."

"Kwenu wapi? Mama yako kafa, kaka zako hata kitanda chako wameshakiuza. Kaa hapa. Fidencio kakuacha, mimi sijakuacha. Kisu changu nitampa nani kama si wewe? Siku mikono yangu ikichoka, kisu ni chako, na ua huu, na tanuri, na kila kitu."

Nikarudisha nguo zangu kabatini. Nilimwamini yule mama kuliko nilivyowahi kumwamini mwanawe. Na mjue kwamba sikuwa na kingine cha kutegemea duniani. Ua ule ndio uliokuwa uzee wangu, chakula changu, na mahali pa kufia.

Mikono yake ilichoka mapema kuliko alivyotegemea. Kwanza kikombe kilikuwa kinagonga sahani akikiweka mezani. Halafu akawa hawezi kufunga kifungo cha blauzi. Mchana mmoja alikuwa anakata mdomo wa chimenea kubwa niliyoijenga kwa taabu, mkono ukaruka, kisu kikachana tumbo kutoka upande hadi upande. Akakaa chini pale pale kwenye majivu, akaanza kulia.

"Wasijue, Obdulia. Mtaa huu wakijua, nimekwisha. Watasema Petronila amekuwa kikongwe, na wateja wote watahamia kwa akina Barajas. Nakuomba, mwanangu."

Nikamfuta machozi, nikachukua kisu. Chimenea ya pili ilikuwa imeshika vizuri kivulini. Akakaa nyuma yangu, akawa ananielekeza polepole, kama mtu anayemvusha mwingine barabara.

"Kilaze. Usivute, sukuma. Usiache pembe popote, zungusha, udongo hauipendi pembe. Haya, sasa loweka kile kipande cha ngozi. Kamata ukingo nacho. Ubane. Ubane tena, mpaka uwe mgumu kuliko mwili wenyewe. Hapo. Hapo sasa."

Tangu siku hiyo mdomo ukawa wangu. Tulikuwa tunafanya kazi hiyo baada ya chakula cha mchana, saa ambayo mtaa mzima umelala, geti tumelifunga kwa komeo. Nikimaliza, nilikuwa namkalisha kwenye kiti chake karibu na ile kazi, nampaka tope vidoleni, nampaka na kwenye aproni, nanawa mikono yangu, ndipo nafungua geti. Jirani akiingia anamkuta Mama Petronila amechoka, ana udongo mpaka kwenye kucha, na mkwe wake anafagia. Mbele ya watu aliificha mikono ndani ya mtandio. Kanisani walidhani anasali sana.

Na kusema kweli mdomo ulizidi kupendeza. Huo ukingo wa kugeuka nje niliuongeza mimi, yeye hakuwa nao. Wateja walimsifu usoni. "Mama Petronila, unavyozidi kuzeeka ndivyo mkono wako unavyozidi kuwa mtamu!" Yeye anajibu, "Ni neema ya Mungu tu, wanangu." Wakiondoka tunatazamana, tunacheka mpaka tunashika mbavu. Nilikuwa na furaha. Naisema hivyo hivyo, nilikuwa na furaha, maana nilijua mwisho wake ni upi: siku moja atasimama mbele ya watu na kunipa kile kisu, na siri yetu itakwisha bila mtu yeyote kuaibika.

Kabla ya Krismasi akaja Abundio.

Abundio ndiye mdogo wa Fidencio. Alikuwa dereva wa lori huko mpakani mpaka walipomwachisha kazi, na kwa muda wote niliokaa pale alimkumbuka mama yake Siku ya Kina Mama tu, tena kwa simu. Sasa alikuja na mke wake Yadira, watoto, makochi na televisheni, vyote juu ya lori la kukodi. Mama Petronila alilia, akachinja bata mzinga, akawapa chumba changu. Mimi nikahamia chumba cha kuwekea udongo. Sikulalamika. Nilijiambia ni damu yake, acha afurahi.

Siku ya pili tu Abundio alianza kuzunguka uani mikono mfukoni.

"Shemeji, mnatoa chimenea ngapi kwa wiki?"

"Inategemea jua."

"Inategemea jua!" Akacheka, akamgeukia Yadira. "Umesikia? Watu wa mjini kila mmoja siku hizi anataka moto bustanini kwake, aite marafiki, anywe bia, halafu sisi tunasubiri jua."

"Ukitaka kuiwahisha iwahishe," nikamwambia. "Itakupasukia tanurini na wewe mwenyewe utaokota vipande."

"Una mdomo, shemeji."

"Ninao. Na mikono ninayo."

Usiku wa kuamkia Siku ya Wafalme, sikukuu ya mwanzoni mwa Januari ambayo kwetu majirani wanakata mkate pamoja, Mama Petronila aliniambia, "Kesho wakija majirani kukata mkate, nitasema neno kuhusu kisu. Vaa vizuri." Nilipiga pasi gauni langu la bluu, nililokuwa silivai kwa sababu halina pa kwenda. Nilisuka nywele. Casimira, jirani yetu anayetuuzia kuni, rafiki yangu, alivyoniona tu akanifinya kiuno.

"Leo leo, eeh? Mwenye nyumba mpya! Utaniongezea bei ya kuni au utanibania kama mama mkwe wako?"

"Nitakubania zaidi."

Mkate wa mviringo ukakatwa, watoto wakagombania vipande vyenye matunda, chokoleti ikamiminwa. Mama Petronila akasimama. Akasema amefanya kazi maisha yake yote, Mungu amemjalia mkono mzuri, sasa ni wakati wa kupumzika. Nikanyoosha gauni langu, nijiandae kusimama. Akasema, "Na Mungu amenirudishia mwanangu. Kisu cha nyumba hii nampa Abundio."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Ningefanya nini? Casimira hakunitazama, alikuwa anatafuta kitu ndani ya kikombe chake. Abundio akakumbatiwa na kila mtu, akakichukua kisu akakipima kidoleni kama mtu anayenunua kisu sokoni. Ikakubaliwa kwamba siku ya Mama wa Mishumaa, mwanzoni mwa Februari, itawashwa chimenea ya kwanza ya mkono wake pale uani, mbele ya mtaa mzima, kama inavyofanyika kwa kila mwenye kisu mpya. Ikishika moto, amepokelewa. Ikimpasukia, kisu kinarudi kwa aliyempa mpaka ajifunze.

Asubuhi yake nilikuwa jikoni nageuza chapati za mahindi. Mama Petronila akaja, akaketi, mikono ndani ya mtandio.

"Umekasirika."

"Sina haki ya kukasirika?"

"Unayo, mwanangu. Lakini nisikilize. Abundio hajui kukata. Hajawahi kushika udongo tangu utoto. Utajenga mwili, kama kawaida. Halafu mchana, sisi wawili, tutafunga geti. Umfanyie kama ulivyonifanyia mimi."

Chapati ikaungua. Niliiona inaungua, nikaiacha.

"Ulisema kisu ni changu."

"Nilisema. Wakati ule sikuwa na mtoto nyumbani."

"Na mimi nilikuwa nani?"

"Obdulia, usinifanye niseme maneno mabaya. Yeye ana watoto. Wewe huna. Ukifa wewe, ua huu unakwenda kwa nani? Kwa paka? Nikimpa kisu, atakaa. Nisipompa, ataondoka tena, na mimi nitakufa bila kumwona. Wewe huwezi kwenda popote, hilo tunalijua wote." Halafu akaongeza kwa sauti ya upole kabisa, "Utakaa hapa, utakula hapa, hakuna atakayekugusa. Unataka nini zaidi?"

Nimetukanwa na watu wengi maishani, lakini hakuna aliyenitukana kwa upole kama ule. Kumbe ndivyo alivyopiga hesabu yake. Mwenye pa kwenda anahongwa ili akae, na asiye na pa kwenda hapewi kitu. Siri niliyoitunza kwa mapenzi ndiyo iliyonifunga: kwa mtaa mzima mimi ni mkwe wa kujenga matumbo na kufagia, na niliyejifanya hivyo ni mimi mwenyewe.

"Mwili nitajenga," nikamwambia. "Kibarua anajenga. Mdomo akate mwenye kisu."

"Utaniaibisha."

"Sikuaibishi. Nimekataa tu."

Niliujenga ule mwili kuliko nilivyowahi kujenga mwili wowote. Nilikanda udongo mpaka mabega yakawaka, nikachanganya na mchanga na manyoya ya matete ya kuushikiza, kama inavyotakiwa, nikapiga kila kamba isibaki hewa hata ya kuingiza sindano. Nilitaka asipatikane mtu wa kunyoosha kidole. Ulipokauka kiasi, nikamwita Abundio. Akaja na kisu na rula. Ndiyo, rula. Akachora pembe nne.

"Unakata mraba?" nikamuuliza.

"Magogo ya madukani ni marefu, shemeji. Mraba, gogo linaingia lote. Lazima mtu afikirie."

"Zungusha basi zile pembe. Na uubane ukingo kwa ngozi yenye maji. Ufa unaanzia kwenye pembe. Muulize mama yako."

Mama Petronila alikuwa amekaa pale kwenye kiti chake. Angeweza kusema neno moja. Alimtazama mwanawe alivyoinama pale na rula yake, amejaa furaha, akasema, "Mwache afanye anavyoona. Kila mkono una namna yake." Labda aliona akimsahihisha ataudhika na kuondoka. Labda alidhani nitashindwa kuvumilia, mchana nitaamka na kuurekebisha kimyakimya. Mchana ule nililala fofofo.

Chimenea ilitoka tanurini nzima. Niliikagua kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwenye pembe ya juu kulia nikapitisha ukucha, ukanasa. Ufa mwembamba kama unywele. Nikamwendea Abundio, tena mbele ya Yadira, nikamwambia, "Usiwashe hii. Tengeneza nyingine, bado kuna siku."

"Wivu huo, shemeji."

"Abundio, weka ukucha wako hapa."

"Wivu," akasema Yadira, "na mimi nasema hivyo hivyo." Wakaenda kula.

Siku ya Mama wa Mishumaa kulikuwa na baridi kali na anga safi. Uani kukajaa watu. Mke wa Abundio na wanawake wa mtaa walipanga mezani tamale za unga wa mahindi, zinafuka moshi ndani ya majani yake, na mimi nilipewa kazi ya kumimina uji wa mahindi kutoka kwenye sufuria kubwa. Hata Barajas mwenyewe alikuja na kofia yake mpya. Chimenea iliwekwa katikati, juu ya matofali, imepakwa chokaa nyeupe shingoni ipendeze. Padri alikuwa ameshainyunyizia maji ya baraka na kuondoka.

Abundio akawasha. Alianza na vijiti vya msonobari, moto ukapanda vizuri, moshi ukatoka juu umenyooka, watu wakasema aaah. Akatia gogo. Likaingia lote kweli, akatugeukia atuoneshe. Akatia la pili.

Ikalia. Si mlio mkubwa, ni ule mlio mkavu ambao mfinyanzi yeyote akiusikia hata usingizini anaruka. Ufa ukatoka pembe ya juu kulia, ukakimbia mpaka shingoni, tukiutazama. Halafu bega lote la chimenea likaanguka mbele, makaa yakamwagika chini, wanawake wakawavuta watoto wao nyuma.

Abundio hakuitazama ile kazi, alimtazama mama yake. Na wote tukamtazama mama yake.

"Mwili," akasema Mama Petronila. "Mwili ulikuwa na hewa."

Vichwa vikageuka kwangu, vyote, kama vimevutwa kwa kamba moja.

"Mama," nikasema, "ufa umeanzia kwenye pembe. Njooni muone. Mzee Barajas, wewe ni fundi, njoo uangalie pembe hii."

Barajas akavua kofia, akaiangalia kofia, akaivaa tena. Hakusogea. Casimira alikuwa karibu kabisa na ile pembe, angeinama tu. Hakuinama.

"Obdulia siku hizi ana mawazo mengi," Mama Petronila akaendelea, kwa ile sauti yake ya upole. "Kazi anaifanya haraka haraka. Nilimwambia. Msimlaumu sana."

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu. Nilichota uji wa moto, nikajaza kikombe mpaka kwenye ukingo, nikaenda nacho mpaka mbele ya kiti chake.

"Umeshtuka, mama. Kunywa kidogo."

Kwetu mkwe akikuletea kikombe mbele ya wageni, unakipokea kwa mikono miwili. Usipokipokea umemfukuza nyumbani. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua. Alinitazama muda mrefu. Kama angesema neno moja zuri wakati ule, ningekirudisha kile kikombe mezani, naapa. Hakusema. Akatoa mikono ndani ya mtandio, akakipokea.

Kikombe kikacheza. Uji ukamwagika vidoleni, kwenye kifundo cha mkono, kwenye sketi yake nyeupe ya sikukuu, na yeye hakutoa sauti, alikibana tu kile kikombe, na kadiri alivyokibana ndivyo kilivyozidi kurusha.

"Mnaona?" nikapaza sauti. "Mnaona mikono hii? Inaweza kukata mdomo hii? Miaka yote hii mdomo alikuwa anakata nani? Jiulizeni!"

"Jamani, mama wa watu anatetemeka!" mtu akapiga kelele.

"Maji! Leteni maji ya baridi!"

"Amempa presha, maskini. Mtazameni, mwili wote unamtetemeka kwa uchungu."

"Mwanamke huna haya wewe! Mama wa umri huu unammwagia uji wa moto!"

Yadira alinisukuma kifuani. Abundio alimbeba mama yake kama mtoto. Mimi nilikuwa bado nasema, nasema kwa nguvu, nikieleza kuhusu geti na tope la vidoleni na ngozi yenye maji, na hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Walikuwa wameshapata maelezo yao. Mikono ile ilitetemeka kwa sababu yangu, na ilianza kutetemeka siku ile ile, mbele ya macho yao. Na Mama Petronila, akiwa mikononi mwa mwanawe, akainua kichwa, akasema neno lililonimaliza.

"Mwacheni. Ana uchungu wake. Mume alimkimbia."

Watu wakanihurumia. Hilo ndilo sitalisamehe. Ningevumilia wakinichukia.

Niliondoka kesho yake. Desturi ile ya kisu kurudi kwa aliyekitoa haikufuatwa, kwa kuwa kosa lilikuwa la mwili, na mjenga mwili alikuwa ameshaondoka. Nimepanga banda huku pembeni kwa watu wa matofali, ambao wananiruhusu kutumia tanuri lao wakimaliza kuchoma. Casimira alinifuata mara moja, akaniletea mzigo wa kuni bure.

"Niliona pembe ile," akaniambia. "Niliona vizuri kabisa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini mbele za watu, Obdulia? Mimi namuuzia kuni. Na wewe, mama wa watu, kwa nini hukusema mapema? Miaka yote hiyo? Mimi ni rafiki yako, hata mimi hukuniambia."

Kuni zake nilizichoma zote.

Abundio hakukata mdomo mwingine tena kwa mkono wake. Alichukua chimenea moja iliyobaki ghalani, niliyoikata mimi kabla ya sikukuu zile, akaizungushia plasta, akatoa kalibu. Sasa vibarua wake wanasukumia udongo ndani ya ile kalibu na kutoa zote sawasawa, mdomo huo huo, ukingo huo huo, malori yanapakia. Mama Petronila anakaa getini, mikono ndani ya mtandio, na wateja wanaomba kupiga naye picha. Nasikia anawaambia mdomo ni neema ya Mungu. Mjukuu wake mkubwa amepelekwa shule, na ua umepanuliwa hadi kwenye kile chumba cha udongo.

Mimi napeleka zangu sokoni siku za Alhamisi, moja au mbili, kadiri mgongo unavyoruhusu. Mdomo nakata ule ule, kwa sababu sijui mwingine na sioni kwa nini nijifunze mwingine. Alhamisi iliyopita alikuja mama mmoja wa Guadalajara, ana kofia pana na miwani ya jua, akainama mbele ya kazi yangu akaupapasa ukingo.

"Unaiga Petronila," akasema, bila ubaya.

"Siigi mtu, mama. Huu mdomo ni wangu."

"Ah, wote mnasema hivyo." Akatoa simu, akanionesha picha ya chimenea iliyo bustanini kwake, kati ya maua. Mdomo wangu, umetoka kwenye plasta, umefifia kidogo kwenye mzunguko. "Hii ndiyo yenyewe. Unaona tofauti? Yako ukingo umezidi kugeuka. Lakini umekaribia sana. Endelea kujaribu."

Akanunua, kwa kuwa ile yangu ni ya bei rahisi zaidi. Niliifunga kwa majani makavu, nikamsaidia kuipakia garini, nikamwambia aweke mchanga chini, na moto wa mara za kwanza uwe mdogo mdogo, mpaka udongo uzoee.

"Unaijua kazi," akasema akifunga mlango wa gari. "Nani alikufundisha?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia, "Mama Petronila."